Milima ya Mwezi: Jina la Kigiriki na Safari Yake hadi Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Mtaa wa Mutakura, ulio katika zoni ya Cibitoke upande wa kaskazini wa jiji la Bujumbura, umekaa juu ya uwanda wa Imbo, yaani nchi tambarare iliyobanwa kati ya safu mbili za milima: mashariki ardhi inapanda kwa mteremko mkali wa Mumirwa hadi kwenye mgongo unaozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na magharibi, ng'ambo ya mto Rusizi, inasimama milima ya Uvira upande wa Kongo. Mwaka 1859 safu hizi mbili ziliunganishwa katika ramani iliyochapishwa na jarida la Blackwood's la Edinburgh, zikapindwa zikawa umbo la hilali, yaani mwezi mchanga, lililoukumbatia mwisho wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, kisha zikapewa jina lililokwisha kuandikwa kwa Kigiriki mjini Aleksandria, Misri, yapata mwaka 150 baada ya Kristo. Jina hilo ni Selenes oros, maana yake mlima wa Mwezi, na historia yake ni ya jina ambalo kwa karne nyingi lilizunguka dunia likitafuta mlima wa kukalia.

Asili ya jina inaeleweka vizuri zaidi likitazamwa pamoja na swali lililowashughulisha Wagiriki muda mrefu kabla halijaandikwa, nalo ni swali la mafuriko ya mto Naili, mto unaojaa wakati wa kiangazi, majira ambayo mito mingine yote waliyoijua ilikuwa ikipungua. Jibu mojawapo lilisema kwamba mto huo unalishwa na theluji iyeyukayo kusini ya mbali; Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alilikataa jibu hilo kwa hoja kwamba theluji haiwezi kutoka katika nchi zenye joto kuliko zote, ilhali Aristotle, katika karne iliyofuata, alitaja kwamba tawi kuu la Naili linatoka katika mlima uitwao wa Fedha. Neno selene lenyewe lina uhusiano na neno selas, yaani mwanga au mng'ao, kwa hiyo mlima wa Fedha na mlima wa Mwezi ni majina yanayokaribiana kwa wazo, kwani yote mawili yanataja kitu cheupe kinachong'aa kwa mbali, na huenda yote mawili yakawa ni namna ya kuitaja theluji bila kutamka neno theluji.

Aliyeliingiza jina hilo katika elimu ya dunia ni Claudius Ptolemaeus, mnajimu na mwanajiografia wa Aleksandria, ambaye katika kitabu chake cha jiografia aliandika kwamba maziwa ya Naili hupokea theluji ya mlima wa Mwezi, akauweka mlima huo kwenye latitudo ya nyuzi 12 na nusu kusini mwa ikweta na kuurefusha kwa nyuzi 10 kutoka magharibi hadi mashariki. Ptolemaeus hakufika huko. Kazi yake ilikuwa kupanga kwa hesabu habari za wasafiri, na nyingi kati ya hizo alizipokea kupitia kwa Marinus wa Tiro, aliyesimulia habari za baharia mmoja, Diogenes, ambaye katika kurudi kutoka Bara Hindi alisukumwa na upepo wa kaskazini kwa siku 25 kando ya pwani ya Afrika hadi karibu na mahali panapolingana na maziwa ya Naili, kaskazini kidogo ya rasi ya Rhapta. Wako wanazuoni wanaoshuku kwamba sentensi ya mlima wa Mwezi iliongezwa na mnakili wa baadaye, lakini shaka hiyo haikupunguza nguvu yake, kwa sababu kila aliyekisoma kitabu aliikuta ndani, ikiwa na vipimo vyake kamili, na kitu chenye vipimo huonekana kuwa kimekwisha kupimwa.

Ili kuelewa kwa nini jina hili lilisambaa, inafaa kulilinganisha na majina mengine mawili ambayo waandishi wa Kigiriki waliyapachika katika Afrika Mashariki. La kwanza ni Rhapta, mji wa biashara uliotajwa katika kitabu cha mabaharia cha karne ya 1 kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, ambacho chenyewe kinaeleza kwamba mji uliitwa hivyo kwa ajili ya vyombo vyake vilivyoshonwa, kwa kuwa rhapto kwa Kigiriki ni kushona; ni vyombo vya jamii moja na mtepe wa Waswahili, jahazi ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. La pili ni Azania, jina la pwani yenyewe. Majina haya mawili yalichukuliwa kwa sauti bila kutafsiriwa. Rhapta lilizimika mji ulipotoweka, na hata mahali pake hapajulikani kwa yakini, ilhali Azania lilibaki limelala vitabuni hadi lilipofufuliwa katika karne ya 20 na wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na huko Dar es Salaam likapewa shule ya sekondari. Mlima wa Mwezi ulikwenda njia nyingine kabisa, kwa kuwa watu wote waliolipokea jina waliitupa sauti yake ya Kigiriki na kubaki na maana, wakaivika neno la lugha yao. Jina lililosafiri hivyo halina lafudhi ya kigeni ya kulisaliti, na popote lifikapo huonekana kama mwenyeji.

Wa kwanza kulitafsiri kwa matokeo makubwa walikuwa wanazuoni walioandika kwa Kiarabu. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliirekebisha jiografia ya Ptolemaeus katika kitabu chake Kitab Surat al-Ard, na nakala ya kitabu hicho ya mwaka 1037, iliyohifadhiwa Strasbourg, ina ramani ya Naili inayoonyesha mlima uitwao Jabal al-Qamar, ambao chini yake vijito vinashuka kwa mafungu mawili na kuingia katika maziwa mawili. Mchoro huo ukawa desturi, na al-Idrisi, aliyemkamilishia Mfalme Roger II wa Sicily kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, aliufuata pia. Hapa ndipo ufundi wa maandishi ulipoingilia kati. Kiarabu cha kawaida huandikwa bila alama za irabu, kwa hiyo herufi tatu za qafu, mimu na rei zinaweza kusomwa qamar, yaani mwezi, au qumr, neno linalohusu rangi ya weupe uliofifia, na waandishi wakagawanyika, wengine wakisoma mlima wa Mwezi na wengine wakisoma mlima wa Qumr. Herufi zizo hizo ziliandika pia jina la visiwa vya kusini mwa Bahari ya Hindi, Juzur al-Qumr, ambalo limebaki hadi leo katika jina la Komoro, na ndiyo maana watu wengi hulifasiri jina la nchi hiyo kuwa visiwa vya mwezi.

Ulaya ya Magharibi ilikipata kitabu cha Kigiriki kwa kuchelewa. Mtawa Maximus Planudes alizitafuta na kuzipata nakala zake Constantinople mwishoni mwa karne ya 13, Jacopo Angeli akakitafsiri kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 15, kikapigwa chapa Vicenza mwaka 1475 bila ramani na Bologna mwaka 1477 pamoja na ramani. Katika Kilatini mlima mmoja wa Kigiriki uliongezeka ukawa milima, Lunae Montes, na wachoraji, ambao hawakupenda kuacha mahali patupu katikati ya bara, waliirefusha kadiri nafasi ilivyowaruhusu. Kilele cha tabia hiyo ni ramani ya James Rennell ya mwaka 1798, iliyoiunganisha milima ya Mwezi na milima ya Kong ya Afrika Magharibi, safu ambayo haikuwapo, hata bara zima likaonekana kukatwa na ukuta mmoja wa mawe kutoka magharibi hadi mashariki.

Katika karne ya 19 utafutaji ulitoka vitabuni ukaingia masikioni. Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, na Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya mwezi Desemba 1849. Habari zao zilidhihakiwa London kwa hoja ileile ya Herodotus, lakini ziliifufua imani kwamba Ptolemaeus alisikia jambo la kweli. Wakati huohuo Charles Beke, aliyesafiri Uhabeshi, alikuwa amependekeza kwamba jina la Kigiriki ni tafsiri ya jina la nchi ya Unyamwezi, kwa kuwa mwezi kwa lugha za huko ni mwezi wa mbinguni. Hoja hii ilivutia, lakini ilikuwa na udhaifu ambao mzungumzaji wa Kiswahili huuona upesi. Mzizi uliozaa neno mwezi ni wa kale sana katika lugha za Kibantu, nao umeenea kutoka ukwezi wa Kirundi hadi mweri wa Kikikuyu, hivyo mtu anayelitafuta neno hilo katika majina ya Afrika Mashariki hawezi kulikosa. Tena Wanyamwezi hawakuitwa hivyo na Wagiriki. Jina hilo linafasiriwa kwa kawaida kuwa lilitolewa na watu wa pwani kwa maana ya watu wa magharibi, upande ambako mwezi mchanga huonekana mara ya kwanza.

Ni katika hali hiyo ya masikio yaliyotegwa ndipo Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858. Mwezi Aprili walikwenda kwa mitumbwi hadi Uvira, kwenye pembe ya kaskazini magharibi ya ziwa, karibu na uwanda ambao leo umebeba Bujumbura na mitaa yake, wakitumaini kuuona mto unaotoka ziwani kuelekea kaskazini, ambao ungekuwa Naili. Badala yake waliambiwa na wenyeji kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Mdomo wa mto wenyewe hawakufika. Speke, aliyekuwa akitafuta sababu ya maji kutopita kaskazini, aliichukua milima aliyoiona pande zote mbili za ziwa na kuifunga kwa upinde, ikawa ile hilali ya ramani ya 1859. Burton alimkejeli katika kitabu chake cha 1860, akiihesabu milima hiyo kuwa zao la kalamu ya mchoraji, na kwa kweli umbo lenyewe linaonyesha jinsi wazo lilivyotangulia jicho, kwa sababu milima iliyoitwa ya Mwezi ilichorwa kwa sura ya mwezi.

Speke hakuishia hapo. Kabla ya safari yake ya pili, ya 1860 hadi 1863, Rigby, balozi wa Uingereza huko Zanzibar, alikuwa amempa makala ya Francis Wilford iliyochapishwa katika jarida la Asiatic Researches, iliyodai kwamba vitabu vya kale vya Kihindi vinavijua vyanzo vya Naili na kuutaja mlima wa Soma Giri, yaani mlima wa mwezi kwa Kisanskriti. Speke aliichapisha ramani ya Wilford katika kitabu chake kama ushahidi wa kujitegemea, ingawa Wilford alikuwa ameghushiwa matini na msaidizi wake, mjuzi wa Kisanskriti aliyejua mwajiri wake anatafuta nini. Kwa njia hiyo tafsiri mpya ya Ptolemaeus ilihesabiwa kuwa shahidi wa pili wa Ptolemaeus, na kosa hili si la Speke peke yake, bali ni hatari iliyomo katika kila jina linalosafiri kwa maana, kwa kuwa nakala zake hazifanani kwa sauti na kwa hiyo hazitambulikani kuwa ni nakala.

Hilali ya kaskazini mwa Tanganyika haikudumu. Mwezi Novemba 1871 Henry Morton Stanley na David Livingstone walipanda mtumbwi kutoka Ujiji, wakapita pwani ambayo leo ni ya Burundi, wakafika kwenye mdomo wa Rusizi na kuyaona kwa macho maji yake yakiingia ziwani. Tanganyika likaondolewa katika orodha ya maziwa ya Naili, na milima iliyouzunguka mwisho wake wa kaskazini ikapoteza cheo chake katika ramani.

Lakini jina lilirudi Burundi kwa mlango mwingine, na safari hii lilibebwa na jina la mfalme. Wafalme wa Burundi, walioitwa mwami, walipokezana majina manne kwa zamu, Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, na tangu katikati ya karne ya 19 hadi 1908 aliyetawala alikuwa Mwezi Gisabo. Mwaustria Oscar Baumann, aliyeondoka Tanga na msafara wake mwanzoni mwa 1892, aliingia Burundi mwezi Septemba mwaka huo, akapokewa na umati mkubwa ulioimba na kucheza, kwa kuwa wengi walimdhani kuwa ni Mwezi aliyerudi. Mwenyewe akaamini kwamba nchi haina mfalme, ilhali Gisabo alikuwa hai na akitawala. Baumann alipofika kwenye chemchemi za mto Ruvubu, ambao maji yake huingia Kagera na kisha Ziwa Victoria, aliambiwa kwamba milima iliyo karibu, ambako wafalme waliotangulia walizikwa, inaitwa imisozi ya Mwezi, naye akatangaza kwamba ameipata milima ya Ptolemaeus pamoja na chanzo cha Naili.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kosa lote limo katika silabi moja. Kwa Kirundi, umusozi ni mlima au kilima na wingi wake ni imisozi, lakini mwezi wa mbinguni ni ukwezi, hivyo mtu akitaka kusema milima ya mwezi ule unaoangaza usiku angesema imisozi y'ukwezi, ilhali imisozi ya Mwezi ni milima ya mtu aitwaye Mwezi, yaani milima ya mfalme. Majina yote mawili yana asili moja, lakini kazi zake katika sentensi ni mbili tofauti, kama vile Kiswahili kinavyotofautisha nyumba ya Juma na siku ya Ijumaa ingawa majina hayo yana asili moja. Kwa wapagazi na wakalimani waliozungumza Kiswahili, lugha ya misafara yote iliyotoka pwani, tofauti hiyo haikusikika, kwani kwa Kiswahili neno mwezi ni moja tu, na imisozi ya Mwezi ikihamishwa kwa Kiswahili inakuwa milima ya mwezi bila neno Mwezi kubadilishwa hata sauti. Hivyo Kiswahili, pasipo mtu yeyote kukusudia, kilikuwa daraja la mwisho ambalo jina la Aleksandria lilivukia hadi Burundi, na lililopotea darajani lilikuwa kumbukumbu ya wafalme waliozikwa katika vilima vile.

Mlima ulioshinda mwishowe ulikuwa mwingine. Mwezi Mei 1888 Stanley aliiona theluji ya Rwenzori, safu iliyo kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, na katika kitabu chake cha 1890 aliitetea kuwa ndiyo Milima ya Mwezi, ingawa jina la wenyeji alilifasiri kuwa mleta mvua. Hoja yake ilikuwa na uzito kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu Rwenzori ina barafu ya kudumu na maji yake hufika Naili kupitia mto Semliki na Ziwa Albert. Mwaka 1906 msafara wa Duki wa Abruzzi, kutoka Italia, ulikifikia kilele cha Margherita chenye mita 5,109, na tangu hapo vitabu vya watalii vimeyatumia majina hayo mawili kama kitu kimoja. Huko Fort Portal, chini ya safu hiyo, chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 2005 kilichukua jina la Milima ya Mwezi. Hata hivyo Rwenzori iko karibu kabisa na ikweta, ilhali Ptolemaeus aliuweka mlima wake nyuzi 12 na nusu kusini, umbali unaozidi kilomita 1,000, kwa hiyo hata ushindi huu ni wa theluji peke yake, si wa vipimo.

Burundi kwa upande wake ilibaki na chanzo bila kubaki na jina. Mwaka 1937 Mjerumani Burkhart Waldecker alikitambua kijito cha Rutovu, katika Bururi, kuwa chemchemi ya kusini kuliko zote za Naili, na mwaka 1938 piramidi ndogo ya mawe ikajengwa juu ya kilima kilicho karibu, ikiwa na maandishi ya Kilatini, lugha ileile iliyoubadilisha mlima mmoja kuwa milima. Kijito hicho huingia Ruvyironza, na Ruvyironza huingia Ruvubu, mto uleule ambao Baumann aliufuata hadi kwenye vilima vya Mwezi.

Mutakura yenyewe haimo katika bonde la Naili. Mvua inayonyesha juu ya mabati yake na juu ya njia zake, ambazo wakazi huzitaja kwa namba tu, avenyu baada ya avenyu, hushuka kwenye Ziwa Tanganyika, hutoka kwa mto Lukuga, huingia mto Kongo na kumwagika katika Bahari ya Atlantiki. Lakini mvua inayonyesha nyuma ya mgongo wa mashariki, umbali usiofika kilomita 50, huteremkia upande wa Ruvubu na kufika Misri. Mahali ambapo Speke aliichora hilali yake pana kweli mpaka unaoyagawa maji ya mito mikubwa miwili ya Afrika, na mpaka huo wanajiografia huuita mgongo wa Kongo na Naili. Wakazi wa uwandani, wanapoitazama milima hiyo, husema Mumirwa kwa iliyo mashariki na Uvira kwa iliyo magharibi, na majina hayo mawili, ambayo Aleksandria haikuyasikia kamwe, ndiyo yanayomwelekeza mtu njia.